Tairi lililia wiki nzima, na mwanangu alikaa kimya

Jumatatu ile tulikuwa tumeiacha lami ya Nala na kuingia njia ya vumbi, karibu na korongo la kwanza, ndipo nilipousikia. Wii... wii... wii. Mlio mwembamba, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, ukitoka nyuma, chini ya miguu ya mwanangu. Nikapunguza mwendo, nao ukapungua. Nikaongeza, nao ukaongezeka. Kwenye mteremko nikazima injini tukaserereka. Bado ulilia.

"Mama, twende tu, tutachelewa," kijana akasema kutoka nyuma.

Nilidhani anawahi namba. Yuko kidato cha nne, na Agosti ya kidato cha nne kila mtu anajua ilivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Nkuhungu, nafundisha katika kijiji kimoja upande wa Nala, na kila asubuhi namshusha kijana shuleni kwake kisha naendelea na safari yangu. Pikipiki yetu ni ya cc 125, nimeinunua mkononi mwa mtu kwa mkopo wa kikoba. Kuendesha nilijifunza nikiwa na miaka 38, jioni, kwenye uwanja wa mpira, watoto wa mtaa wakinicheka. Kilichomo ndani ya tairi sikuwahi kukijua, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku kitanihusu.

Nilivumilia hadi Jumatano. Jioni yake nikapita kwa fundi wa kijiweni. Akaliinua tairi la nyuma, akalizungusha mara moja, akainamisha sikio. "Mwalimu, hapa beringi zimekwisha. Breki shu nazo zimekwisha. Cheni na sproketi zake hazina muda. Nipe 85,000 nimalize kazi yote."

Nyumbani kabatini nilikuwa na bahasha yenye shilingi 90,000. Ilikuwa hela ya kambi ya masomo ya kijana, ile ya kujiandaa na mtihani wa Novemba. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu inayofuata. Nilimwambia fundi nitarudi. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa napiga hesabu, na nyuma yangu kijana hakusema neno.

Sisemi fundi yule alikuwa tapeli. Kwa pikipiki ya mkononi inayopita mchanga kila siku, vitu vyote alivyovitaja huisha kweli, na pengine uzoefu wake ulimwambia hivyo. Lakini hakufungua hata nati moja, na mimi sikujua niulize nini. Hapo ndipo wengi wetu akina mama tunapoachia hela, na akina baba pia, sema wao hawakubali kusema.

Swali la mzee

Jirani yetu ni mzee aliyekuwa fundi wa magari ya serikali kabla hajastaafu. Usiku ule nilimfuata nikiwa na kopo la oili mkononi. Nilikuwa nimepanga nimimine kidogo katikati ya tairi, nione kama litanyamaza, kama tunavyofanya bawaba za mlango.

Alilichukua lile kopo akaliweka mbali nami. "Mwalimu, ukiweka oili humo ndani mlio utaisha. Na breki nayo itaisha."

Ndani ya habu ya tairi la nyuma, kwenye pikipiki nyingi za aina hii, kuna dramu ya chuma inayozunguka na tairi, na breki shu mbili zenye umbo la nusu duara ambazo hazizunguki. Ukikanyaga breki, shu zinatanuka na kukwaruza ukuta wa dramu. Mkwaruzo huo ndio unaokusimamisha. Ukiulainisha kwa oili, unakanyaga na pikipiki inakwenda zake. Shu zikishanywa oili, huwa dawa yake ni kuzibadilisha tu.

Nikamuuliza kwa nini inalia kama ni kazi yake kukwaruza. Akanipa mfano ambao Mgogo yeyote atauelewa: zeze. Upinde wa zeze haupiti juu ya uzi kwa ulaini. Unaushika uzi, unauvuta, unauachia, unaushika tena, mara mia kadhaa kwa sekunde moja, na huko kushika na kuachia ndiko tunakokusikia kuwa wimbo. Marehemu Hukwe Zawose alilifikisha zeze la Kigogo hadi Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Breki shu inayogusa dramu kidogo tu, bila kukandamizwa barabara, hufanya vilevile. Inashika, inaachia, inashika, inaachia. Kwa hiyo mlio mwembamba wa tairi mara nyingi si wa kitu kilichovunjika. Ni wa vitu viwili vinavyogusana mahali visipotakiwa kugusana, au vinavyogusana vikiwa vikavu.

Kisha akaniuliza swali ambalo fundi wa kijiweni hakuliuliza. "Ulianza lini? Na kabla haujaanza, nani aliishika hiyo pikipiki?"

"Ulianza Jumatatu," nikasema. "Hakuna aliyeishika."

Kijana alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Akaingia ndani.

Chaki, mkono na kiganja

Kesho yake jioni mzee alinifanyisha mtihani mimi mwenyewe, yeye amekaa kwenye kigoda. Naandika nilivyofanya kwa sababu havihitaji ufundi wowote, na vingi havihitaji hata spana.

Kwanza ni kuusikiliza mdundo. Mlio unaokwenda na injini hubadilika ukivuta mafuta hata kama umesimama. Wa kwetu ulikuwa umeendelea injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo injini tuliiacha. Nilichora alama ya chaki pembeni mwa tairi, nikaisukuma pikipiki taratibu uani, injini imezimwa, gia haijaingia. Tairi la inchi 17, kama yalivyo mengi ya pikipiki zetu ndogo, likizunguka mara moja linasogea karibu mita 1.8, yaani hatua mbili na ushee za mtu mzima. Mlio ulikuja mara moja kila mzunguko, na kila mara ile chaki ilikuwa mahali palepale, upande wa chini kuelekea mbele.

Mzee akasema hilo peke yake limeitoa cheni kwenye kesi. Cheni ni ndefu kuliko mzunguko wa sproketi ya nyuma, kwa hiyo pingili yake mbovu haiwezi kurudi mahali pamoja kila tairi linapozunguka mara moja. Mlio wake ungekuwa unahamahama, ukitokea mara moja kila baada ya mizunguko miwili au mitatu. Cheni kavu nayo hulia mfululizo, mlio wa chuma kwa chuma, na hupungua ukiipaka oili. (Ipake oili ya gia, ile namba 90, mzee alisisitiza, si oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Oili chafu ina vumbi la chuma ndani yake, na kwa vumbi letu hili la Dodoma unakuwa umeipaka cheni msasa.)

Beringi iliyokwisha nayo haipigi wii moja kwa mzunguko. Mara nyingi inanguruma mfululizo, kama jiwe la kusagia mtama, na ngurumo huongezeka kasi ikiongezeka.

Jaribio la pili, niisukume tena huku nikigusa breki ya nyuma kidogo tu, bila kusimama. Mlio ulibadilika, ukawa mnene, halafu ukakata. Nikiachia, ulirudi. Mlio unaobadilika ukigusa breki unatoka kwenye breki au jirani yake kabisa.

La tatu ndilo lililonishangaza. Alinituma niendeshe hadi kona ya barabara na kurudi, lakini nisimame kwa breki ya mbele peke yake, nyuma nisiiguse kabisa. Niliporudi akaniambia nisogeze mgongo wa kiganja karibu na habu ya mbele, kisha ya nyuma. Si kubandika kiganja, mzazi, kusogeza tu, kwa sababu dramu inaweza kuunguza. Ya mbele, niliyoitumia, ilikuwa vuguvugu. Ya nyuma, ambayo sikuigusa, ilikuwa ya moto.

"Unaona," akasema. "Umeendesha ukiwa umekanyaga breki, ila mguu wako haujui."

Tukaiweka pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma likaning'inia. Nikalizungusha kwa mkono. Likaenda nusu duara, likasimama. Kwa kawaida linatakiwa lizunguke lenyewe kabla ya kusimama, hata kama cheni inalizuia kidogo.

Hapa niseme jambo kwa wenye watoto wadogo. Tairi la nyuma linaloning'inia ni kitu kitamu sana kwa mtoto, na wengine hupenda kuwasha injini na kuingiza gia ili lizunguke lenyewe wakati wa kupaka cheni oili. Usifanye hivyo hata ukiwa peke yako. Kidole kikiingia kati ya cheni na meno ya sproketi, injini haijui kama ni kidole. Majaribio yote haya yanafanyika injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Nati iliyong'aa

Mzee aliinuka kwenye kigoda, akachuchumaa nyuma ya pikipiki na tochi ya simu. Alikaa hapo kitambo.

"Mwalimu, umesema hakuna aliyeishika."

Akanionyesha nati ya ekseli ya nyuma. Pikipiki nzima ilikuwa na rangi ya udongo wa Nala, lakini kingo za nati ile ziling'aa, mahali spana ilipokwangua kutu. Zile skrubu mbili za kuvutia cheni, kushoto na kulia, nazo zilikuwa na nyuzi mpya zilizojitokeza, safi. Kwenye mikono miwili ya chuma inayoshika tairi kuna mistari midogo iliyochongwa ili pande zote mbili ziwe sawa. Upande wa kushoto ekseli ilisimama mstari wa tatu. Kulia ilikuwa mstari wa nne.

"Mama, ni mimi."

Alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui kwa muda gani. Jumamosi, nilipokuwa kwenye kikao cha kikoba, aliona cheni imelegea inapiga kelele kwenye kava. Rafiki zake wanaoendesha bodaboda walishamwonyesha jinsi ya kuikaza. Akalegeza nati ya ekseli, akavuta tairi nyuma, akakaza. Alitaka nikirudi nikute imekaa vizuri.

Asichojua, na mimi pia sikujua, ni kwamba tairi la nyuma likivutwa nyuma linavuta pia fimbo ya breki. Fimbo ile imefungwa mbele kwenye pedeli na nyuma kwenye mkono mdogo wa habu. Ukilisogeza tairi hata milimita chache, fimbo inakazika kana kwamba kuna mtu amekanyaga pedeli kidogo na kuuacha mguu hapohapo. Kila anayekaza cheni ya pikipiki yenye breki za dramu anatakiwa akimaliza aangalie breki upya. Wale wa bodaboda huenda wanalifanya bila hata kulitaja, mikono yao imeshazoea, na kijana aliona tu yale aliyoonyeshwa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Tangu Jumatatu! Mpaka kwa fundi tumeenda!"

Akaangalia chini. "Fundi alivyosema 85,000 nilijua ni hela ya kambi. Nikaona acha tu iende. Mimi ndiye nimeiharibu."

Wazazi wenzangu, nitasema ukweli. Nilitaka kumgombeza, na maneno yalikuwa yameshafika kooni. Si kwa sababu ya cheni, bali kwa sababu ya siku tano za ukimya, tukiwa wawili juu ya pikipiki ambayo mmoja wetu alijua ina kasoro. Lakini mzee alinitangulia. Alimpa kijana spana na kusema, "Haya fundi, njoo uimalize kazi yako."

Walilegeza nati ya ekseli wakasawazisha ile mistari, pande zote mstari wa tatu. Cheni ikapimwa katikati, chini, ikisukumwa juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo ulegevu unaotakiwa ni kama milimita 20 hadi 30, na namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye stika ya kava la cheni. Kijana alikuwa ameikaza kama uzi wa kuanikia nguo. Cheni iliyokazwa hivyo huwa haina pa kwenda tairi linaporuka shimo, na mzigo wote unaangukia beringi.

Kisha nati ya mwisho wa fimbo ya breki. Walilegeza hadi pedeli ikawa na mchezo wa sentimita mbili au tatu kabla breki haijaanza kushika. Nikalizungusha tena tairi kwa mkono. Likazunguka mara mbili na zaidi. Wii ikabaki kidogo sana, kama mtu anayeongea usingizini.

Hiyo iliyobaki ilikuwa vumbi. Siku iliyofuata tairi lilitolewa, na ndani ya dramu kulikuwa na unga mwekundu uliochanganyika na unga wa breki shu wenyewe. Mzee alimzuia kijana asiupulize. Unga wa breki haufai kuvutwa na mapafu ya mtu yeyote, na baadhi ya breki shu, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto. Waliufuta kwa kitambaa kibichi, wakapitisha msasa laini juu ya shu mahali palipokuwa pamekuwa kama kioo, basi. Shu zenyewe zilikuwa bado nene.

Kisicholia

Ningefurahi hadithi iishie hapo, gharama sifuri. Lakini kabla tairi halijatolewa, mzee alifanya jambo moja ambalo naomba kila mwenye pikipiki alifanye leo jioni. Alilishika kwa mikono miwili, mmoja upande wa mbele wa tairi na mwingine upande wa nyuma, akalitikisa kama anayetikisa mti wa maembe. Kulikuwa na mgongano mdogo ndani. Ka, ka. Haukusikika vizuri kwa sikio. Ulisikika kwenye viganja.

Akaniambia nimshikie ule mkono wa chuma usicheze, akalitikisa tena. Mkono ulitulia, tairi peke yake likacheza. Kama mkono nao ungecheza, angeshuku bushi zake. Hapa ilikuwa beringi.

Ilipotolewa na kuzungushwa kwa kidole ilikuwa inakwama kwama, kama imejaa mchanga, na ndivyo ilivyokuwa. Raba yake ya pembeni ilikuwa imepasuka. Mzee aliniuliza tunaosha wapi pikipiki. Nikasema kwa vijana wenye mashine ya presha. Akatikisa kichwa. Maji ya presha yakielekezwa katikati ya habu hupita kwenye sili, yanaosha grisi na kuingiza mchanga, na beringi inaanza kufa kimyakimya. Tangu siku hiyo sisi ni ndoo na kitambaa.

Beringi ile haikuwa inalia. Ngurumo yake, kama ilikuwepo, ilifunikwa na kokoto za njia. Lakini ikiachwa, tairi huanza kuyumba, breki inagusa vibaya, na siku moja beringi inasambaratika au inajifunga, pengine katikati ya mchanga, na mtoto yuko nyuma. Kwa hiyo fundi wa kijiweni, kwa beringi, alipatia. Nilimwendea baadaye nikamwambia, na tulicheka wote.

Dukani nenda na beringi ya zamani mkononi. Ina namba ubavuni. Kama ni 6301, tundu lake ni milimita 12; 6202 ni milimita 15; 6203 ni milimita 17. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu. Ukiona herufi 2RS maana yake ina raba pande zote mbili, na kwa vumbi la huku hiyo ndiyo ya kuchukua, hata kama muuzaji ana ya bei nafuu iliyo wazi. Tulibadilisha zote mbili, kwa sababu zimetembea njia moja. Nilitumia shilingi 9,000. Mzee alikataa hela, akakubali zabibu, maana ndio ulikuwa msimu.

Kwa wenye pikipiki za diski mbele, mlio wa tairi la mbele una sababu zake: pedi zilizokwisha hadi chuma, au kijiwe kilichobanwa kati ya diski na kava. Pedi unaziona kwa tochi bila kufungua kitu. Na mlio wa asubuhi tu, baada ya usiku wa mvua, unaoisha ukishakanyaga breki mara tatu au nne, ni kutu nyepesi. Huo usikupe presha.

Ila mlio wa chuma kinachosaga chuma, tairi linalocheza mkononi, harufu ya kuungua au pedeli inayozama hadi mwisho, hizo zima, shuka, sukuma. Mtoto apande bodaboda au atembee. Shule haihami.

Bahasha niliipeleka Ijumaa, siku tatu kabla ya mwisho, na kijana alikwenda kambini. Jumatatu ile ya kwanza aliporudi tulipita korongo lilelile, upepo wa Septemba unapiga kwa mbele. Nikamsikia ananigonga begani.

"Mama, unasikia?"

Nikasikiliza. Upepo, kokoto, injini. "Sisikii kitu."

"Stendi," akasema. "Springi yake imelegea, inagonga. Tukifika nitaiangalia. Mzee yupo jioni?"